Je, mtoto wa mwizi huzaliwa na wizi?

Dada mmoja anayeishi Wete, Pemba, ameniandikia akiniomba nimjibu swali ambalo, kwa maneno yake, "limeigawa nyumba". Analea mtoto wa marehemu dada yake, mvulana wa miaka tisa, ambaye babaake amewahi kufungwa kwa wizi. Mwezi uliopita mtoto huyo alikipasua kibubu cha mama mkwe wa mwandishi wa barua, akachukua shilingi elfu nane, na alipoulizwa akakana mpaka fedha zilipokutwa ndani ya mkoba wake wa skuli. Mume amesema hiyo ni damu ya babaake, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama mkwe amesema ni upungufu wa bakora. Maalim wa chuoni, alipoombwa ushauri, amesema tabia njema ni tunu ya Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye, basi mtoto aombewe dua. Dada anauliza: "Maalim, uadilifu wa mwanadamu unatoka wapi hasa? Tunazaliwa nao, tunatiwa na wanaotulea, au unashuka kutoka juu? Na ikiwa umo katika damu, je, nimrudishe mtoto kwa jamaa za babaake kabla wanangu hawajaambukizwa?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimekwama katika sentensi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo inayobeba maisha ya mtu. Kwa hiyo nitalijibu kwanza swali hilo la mwisho, kisha ndipo nieleze sababu: usimrudishe. Sisemi hivi kwa huruma peke yake, ingawa huruma ninayo na sioni haya kuikiri. Nasema hivi kwa sababu kila mojawapo ya njia tatu ulizozitaja, ukiifuata kwa uangalifu mpaka mwisho wake, haikufikishi kwenye hukumu aliyoitoa mumeo.

Tuanze na neno "unatoka", kwa kuwa ndani yake yamejificha maswali zaidi ya moja. Fikiri juu ya lugha. Mtoto aliye mzima huzaliwa na uwezo wa kusema, uwezo ambao paka anayelala jikoni mwenu hana hata akisemeshwa miaka kumi. Lakini kama mtoto huyo atasema Kipemba, Kitumbatu au Kimakunduchi, hilo hulipata kwa watu wanaomzunguka. Na akishaanza kusema, tuseme akikuambia kwamba mvua imenyesha Konde, ukweli wa maneno yake hautegemei ulimi aliozaliwa nao wala lafudhi aliyofunzwa. Unategemea kama huko Konde mvua imenyesha kweli. Uadilifu nao uko hivyo. Kuna swali la uwezo na mwelekeo tunaozaliwa nao, kuna swali la umbo ambalo uwezo huo hupewa na malezi, na kuna swali la kile kinacholifanya jema liwe jema kweli hata pale ambapo wote tuliomo kijijini tumelikosea. Katika nyumba yako mumeo anajibu swali la kwanza, mama mkwe la pili, maalim la tatu, na kila mmoja anadhani wenziwe wamelijibu vibaya swali lake yeye.

Kuhusu silika, wanasayansi wamesema mengi, na sehemu kubwa nitaipitia haraka. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba mnyama yeyote mwenye silika za kuishi kwa jamii, akifikia akili kama ya binadamu, hangekosa kuwa na dhamiri. Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton alionyesha kwa hesabu jinsi tabia ya kujitolea kwa ajili ya ndugu inavyoweza kudumu kizazi baada ya kizazi hata kama inamgharimu anayejitolea, kwa kuwa ndugu hubeba sehemu ya urithi uleule. Na mwaka 1971 Robert Trivers wa Marekani akaeleza jinsi hata wasio ndugu wanavyoweza kuzoea kusaidiana, mradi wakutane mara kwa mara na kila mmoja akumbuke nani alimtendea nini. Hizi ni nadharia nzito na sioni sababu ya Muislamu kuziogopa. Kueleza jinsi jicho linavyopokea mwanga hakuliondoi jua mbinguni.

Linalotuhusu zaidi ni watoto wadogo. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Leipzig, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa miezi kumi na minane. Mtu mzima ambaye mtoto hamjui anaanika nguo, anaangusha kibanio, anajinyoosha kukifikia asikifikie. Watoto wengi walikwenda wakamwokotea, bila kuombwa na bila kuahidiwa chochote. Kila bibi wa Kizanzibari ameliona jambo hili kwenye uwanja wa nyumba yake, lakini ni vyema kwamba limepimwa. Hata hivyo nakutahadharisha usikimbilie kila habari ya namna hii. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza kwamba hata watoto wa miezi sita humpendelea kidoli aliyemsaidia mwenziwe kupanda kilima kuliko aliyemsukuma ashuke, na habari hiyo ikaenea dunia nzima. Lakini maabara 37 zilipoungana kuurudia uchunguzi huo, matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2024, hayakuuona upendeleo huo. Kwa hiyo nasema kwa kiasi: tunazaliwa na mwelekeo wa kumwangalia mwenzetu na kumsaidia, nao hudhihirika mapema sana, kabla bakora haijapata nafasi ya kufundisha lolote.

Sasa nije kwenye damu ya mwizi, kwa kuwa hapa ndipo mumeo aliposimama, na bahati njema ni kwamba swali lake limewahi kuchunguzwa kama alivyoliuliza. Mwaka 1984 Sarnoff Mednick na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 14,427 wa Denmark waliochukuliwa kulelewa na watu wasio wazazi wao kati ya mwaka 1924 na 1947. Kwa watoto wa kiume walilinganisha kumbukumbu za mahakama za aina tatu: za mtoto, za wazazi wake wa damu, na za walezi wake. Pale ambapo si wazazi wa damu wala walezi waliowahi kuhukumiwa, watoto 13.5 katika kila mia walikuja kuhukumiwa wenyewe. Pale ambapo walezi tu ndio waliowahi kuhukumiwa, ilikuwa 14.7. Pale ambapo mzazi wa damu alihukumiwa lakini walezi ni watu safi, yaani hali kama ya kijana wako, ilikuwa 20. Na pale ambapo pande zote mbili zilihukumiwa, ilikuwa 24.5.

Mumeo anaweza kuishika tofauti iliyopo kati ya 13.5 na 20 akasema kwamba ndiyo aliyokuwa akiitaja. Tofauti hiyo ipo, siifichi, na iliyohusika hasa ni makosa ya mali wala si ya kumwaga damu. Lakini namwomba aisome tarakimu hiyohiyo kutoka upande wa pili. Katika kila watoto mia wa kiume ambao mzazi wao wa damu alipatikana na hatia na ambao waliangukia mikononi mwa walezi safi, themanini hawakuhukumiwa kwa kosa lolote. Mtoto wa nyoka hawi nyoka mara moja katika tano. Huwa nyoka kila mara, na hiyo ndiyo maana ya methali. Basi methali hiyo haimhusu mtoto wa binadamu, na mtu anayemtamkia mtoto wa miaka tisa maneno hayo anamtabiria jambo ambalo wengi sana katika hali yake hawakuwa nalo.

Tena tujiulize ni kitu gani hasa kinachoweza kupita katika damu. Hakiwezi kuwa wizi wenyewe, kwa kuwa wizi ni tendo linalohitaji mali, mwenye mali na desturi ya kumiliki, mambo ambayo mtoto hazaliwi nayo. Kinachoweza kurithiwa ni mwendo wa nafsi: wepesi wa kutamani, uzito wa kusubiri, kutoogopa hatari, hasira ya karibu au ya mbali. Na sifa hizohizo hutafuta kazi. Kutoogopa kunakompeleka mmoja kwenye dirisha la jirani usiku ndiko kunakompeleka mwengine kwenye tawi la juu la mkarafuu, au kunakomfanya nahodha asiuachie usukani wimbi linapovunjika. Kwa hiyo hata tukimpa mumeo haki yake yote kuhusu damu, alichokithibitisha ni kwamba kijana huyu huenda akahitaji kufundishwa kusubiri kuliko wanawe wengine wanavyohitaji.

Na dini, ambayo mara nyingi huitwa shahidi wa upande wa damu, haisemi alivyosema mumeo. Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyopokewa na Abu Hurayra na kukubaliwa na Bukhari na Muslim, inaeleza kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani umbile lake la asili, kisha wazazi wake humgeuza wakampeleka katika dini yao. Wengi huikatisha hapo. Lakini inaendelea kwa mfano ambao mtu wa Pemba anayefuga ng'ombe ataufahamu kuliko mtu wa mjini: kama mnyama anavyozaa mnyama aliyekamilika, je, mnamwona kati yao aliyezaliwa amekatwa masikio? Ndama hatoki tumboni akiwa na alama ya mwenye zizi. Alama huwekwa baadaye, kwa kisu, na mkono wa mtu. Kumbuka pia kwamba hadithi haimfananishi mtoto na ubao mtupu unaosubiri kuandikwa. Inamfananisha na kiumbe mzima, mwenye kila kiungo mahali pake. Huyu kijana alizaliwa na masikio yote mawili, dada yangu, na babaake alikuwa jela au hakuwa.

Upande wa malezi nadhani hauhitaji mtetezi katika nchi yetu, ambako kila mtu mzima amekulia kwenye mikono mingi. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo watu hawaliwazii vya kutosha, nalo ni kwamba malezi makubwa kuliko yote hayatolewi kwa maneno. Mwaka 2001 Joseph Henrich na wenzake walitoa matokeo ya mchezo waliouchezesha katika jamii 15 ndogondogo za mabara mbalimbali, wakiwamo Wahadzabe wa hapa Tanzania. Mtu anapewa fedha azigawane na mtu asiyemjua; akitoa fungu dogo mno, mwenziwe anaweza kulikataa na wote wakakosa. Wamachiguenga wa misitu ya Peru walitoa kwa wastani kama 26 katika mia. Watu wa Lamalera, Indonesia, ambao huwinda nyangumi kwa vyombo vinavyohitaji mikono mingi na kuigawa nyama kwa utaratibu unaojulikana na wote, walitoa 58 katika mia, zaidi ya nusu. Binadamu ni walewale, lakini kazi wanayoifanya pamoja imewafunza kipimo tofauti cha haki.

Sisi tunalijua hilo bila ya kwenda Indonesia. Chombo kikirudi kutoka dema au nyavu, kuna fungu la chombo, fungu la zana na mafungu ya mabaharia, na hata aliyetia mkono kuivuta ngarawa pwani haondoki bila kitoweo. Sahani ya futari iliyokuja na kitu hairudi tupu. Mtoto aliyekaa pwani akiutazama mgao huo tangu anatambaa amekwisha kuisoma haki kabla hajaambiwa neno hilo lina maana gani. Ndipo ninapoelewa yaliyotokea usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuja Pemba, imejaa watu kupita kiasi chake. Wavuvi walitia vyombo majini gizani, na kwa juhudi zao na za wengine waliojiunga nao zaidi ya watu 600 walitolewa wakiwa hai, baadhi yao wameshikilia magodoro. Hesabu ya Hamilton ya kumsaidia ndugu haitoshi kumweleza mvuvi huyo, kwa kuwa mkono unaotoka majini usiku hauonyeshi ni wa ukoo gani wala wa chama gani. Ile ya Trivers ya nipe nikupe nayo haitoshi, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kutarajia kukutana tena na aliyemwokoa. Alifanya hivyo kwa sababu alikuzwa katika pwani ambayo mtu anayezama huokolewa, na kwa sababu, naamini, kilichokuzwa kilikuwa tayari kimo ndani yake.

Lakini siwezi kuyasifu malezi nikanyamaza hapo, na nakuomba uvumilivu katika sehemu hii kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mimi mwenyewe. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ulioridhiwa na Sayyid Barghash. Utumwa wenyewe uliendelea katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na huko kwenu Pemba. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed mwaka 1897, tena kwa utaratibu uliomtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake na uliomlipa fidia bwana wake. Na masuria waliachwa nje mpaka sheria ya mwaka 1909. Waliomiliki watu katika miaka hiyo hawakuwa wamekosa malezi. Walifunzwa adabu ambayo pengine leo tunaikosa: kumwamkia mkubwa, kumkirimu mgeni, kufunga, kusali kwa wakati. Sura ya Al-Balad, inayolitaja jambo la kumwacha huru mtumwa kuwa ni kupanda njia ngumu ya mlimani, walikuwa wakiisoma kwa sauti nzuri. Katika ukoo wangu wamo waliomiliki na wamo waliomilikiwa, nami nimekua nikizisikia habari za upande mmoja zikisimuliwa barazani na za upande wa pili zikinong'onwa jikoni.

Sasa, ikiwa uadilifu ni malezi na hakuna zaidi, siwezi kusema kwamba wazee hao walikosea. Naweza kusema tu kwamba walilelewa vile nasi tumelelewa hivi, kama mtu anavyosema kwamba wao walivaa joho na sisi tunavaa suruali. Lakini mimi nasema walikosea, na nina hakika nawe unasema hivyo. Zaidi ya hapo, yuko shahidi aliyelisema hilo wakati uleule. Mtumwa aliyetoroka shambani usiku, akijua adhabu inayomngoja akikamatwa, kila alichofunzwa na waliomzunguka kilimwambia atii. Aliyajuaje, basi, kwamba anadhulumiwa? Ujuzi huo haukutoka kwa walezi wake. Wala silika ya kuogopa maumivu peke yake haitoshi kuueleza, kwa kuwa mnyama aliyefungwa hutaka kukimbia, lakini hadai kwamba kamba ile imemvunjia haki yake. Yule mtu alikuwa na kipimo kilicho juu ya jamii nzima iliyomzunguka, na kwa kipimo hicho jamii ile ilikuwa imepungua.

Hapa ndipo ninapokutana na maalim wenu, na nakutana naye kwa heshima. Naamini kwamba kipimo hicho kina chanzo kilicho juu yetu. Lakini namna ya kulisema jambo hili ina uzito wake, na wanazuoni wetu walibishana juu yake kwa karne nyingi. Muutazila, kundi la wanazuoni wa Basra na Baghdad walioipa akili nafasi kubwa, walishikilia kwamba akili hulijua jema na baya kabla ya wahyi kufika, na kwamba dhulma ni mbaya kwa dhati yake. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936 na ambaye kabla ya hapo alikuwa mmoja wao, alijitenga nao na akafundisha kwamba jema ni lile aliloliamrisha Mwenyezi Mungu na baya ni lile alilolikataza. Kati yao alisimama Abu Mansur al-Maturidi wa Samarkand, aliyefariki mwaka 944, akisema kwamba akili inaweza kuyatambua mengi katika mema na mabaya, na sharia ndiyo inayotuwajibisha na kutukamilishia. Wagiriki walikuwa wameliuliza swali hilihili zaidi ya miaka elfu moja kabla yao: je, jambo ni jema kwa sababu limependwa huko juu, au limependwa kwa sababu ni jema? Mimi, pamoja na kwamba nilisomeshwa katika mapokeo ya Ash'ari kama Mashafii wengi wa visiwa hivi, nimeishia karibu zaidi na al-Maturidi, na kilichonisogeza ni hadithi qudsi iliyomo katika mkusanyiko wa Muslim, ambamo Mwenyezi Mungu anawaambia waja wake kwamba ameiharamisha dhulma juu ya nafsi Yake na akaifanya haramu kati yao. Anayesema hivyo hatoi amri ya kubahatisha. Uadilifu ni sifa Yake, na amri ni njia ya kutujulisha.

Watoto wenyewe wanaonekana kulihisi hilo. Katika miaka ya 1980 Larry Nucci wa Marekani aliwauliza watoto waliolelewa katika familia za dini sana, za Kikristo na za Kiyahudi, kama ingekuwa sawa kufanya kazi siku ya ibada lau Mungu asingeikataza. Walisema ingekuwa sawa. Kisha akawauliza kama ingekuwa sawa kuiba au kumpiga mtu lau Mungu asingekataza. Wengi wao walisema hapana, bado ingekuwa vibaya, kwa sababu mtu ameumizwa au amenyang'anywa chake. Sioni kwamba watoto hao walikuwa na upungufu wa imani. Naona walikuwa wameujua ukweli mmoja juu ya Mola wao, kwamba haamrishi uovu.

Kwa hiyo ningependa maalim aliongeze neno moja katika jawabu lake. Aliposema tabia njema ni tunu anayopewa amtakaye Mwenyezi Mungu, msikilizaji anaweza kudhani kwamba wako watoto walionyimwa. Lakini Suratush-Shams inaapa kwa nafsi na Aliyeiumba, kisha inasema aliifahamisha uovu wake na ucha Mungu wake, wala haikuitoa nje nafsi ya mtoto wa mfungwa. Kurani hiyohiyo inatwambia kwamba hakuna mbebaji atakayeubeba mzigo wa mwengine. Dua aombewe, tena kila siku, na aombewe akiwa anasikia, ili ajue kwamba katika nyumba hiyo yuko anayemtakia mema. Ila aombewe kama mtu aliyepewa amana anayehitaji msaada wa kuitunza.

Narudi kwa kijana mwenyewe. Alificha, kisha akakana. Mtume alieleza, katika hadithi iliyopokewa na Nawwas bin Sam'an, kwamba dhambi ni lile linalokwaruza kifuani mwako na ukachukia watu walione. Kwa kipimo hicho, kufichwa kwa fedha ndani ya mkoba ni dalili kwamba ndani yake kuna kitu kilichokwaruzwa. Unaweza kuniambia kwamba alikana kwa kuogopa bakora tu. Inawezekana, na hiyo ndiyo sababu ninayotofautiana na mama mkwe wako, ambaye namsalimia kwa heshima zote: bakora ikitangulia, wala yeye wala nyinyi hamtajua kama mtoto anaona haya au anaogopa, na yeye mwenyewe atazoea kulinganisha ubaya wa jambo na uwezekano wa kukamatwa. Mwaka 1967 Martin Hoffman na mwenzake Herbert Saltzstein walionyesha kwamba watoto ambao wazazi wao huwaeleza, wanapokosea, jinsi kosa lao lilivyomuumiza mtu mwengine, walikuwa na dhamiri iliyoota mizizi zaidi kuliko wale ambao wazazi wao hutegemea nguvu na adhabu.

Kuna swali ambalo barua yako haikulitaja: alitaka kuzifanyia nini? Shilingi elfu nane kwa mtoto wa miaka tisa aliyefiwa na mama huwa na habari nyuma yake. Pengine ni mpira tu, pengine ni kitu ambacho wenziwe wanacho na yeye aliona haya kukiomba kwa sababu anajua hayuko kwao. Muulize mkiwa wawili, mumeo na wanao wasiwepo, na jibu lolote atakalolitoa usilikatize. Kisha mweleze bibi aliziweka fedha zile kwa ajili ya nini, sarafu moja baada ya moja, kwa muda gani. Mumeo naye nakuombea azungumze na mtoto, amwondolee lile neno la nyoka, kwa sababu kuta za nyumba zetu hazizuii neno kama hilo, na sina shaka limekwisha kumfikia.

Fedha azilipe mwenyewe, kidogokidogo, kwa kazi anayoiweza. Msimu ukifika anaweza kukaa na bibi jioni wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake, na bibi akamhesabia kila siku amebakisha kiasi gani. Nunueni kibubu kipya kikae palepale kilipokuwa cha zamani, kisifichwe, na kila bibi anapotaka kutia chochote amwite yeye, amkabidhi sarafu mkononi, ili azitie yeye.